Fomu Ambayo Mapenzi Alikataa Kuitia Sahihi

Kwa miaka kumi na minne Mapenzi Jefwa amesafisha ofisi ya mawakala wa forodha iliyo ghorofa ya tatu, nyuma ya Biashara Street. Ni mwanamke mrefu, Mgiriama, si mwingi wa maneno, na akikutazama hakwepeshi macho. Maji ya bomba yakikatika, sakafu zake hazikosi kupigwa deki: huweka ndoo chini ya viyoyozi, akakinga matone kutwa. Karatasi zilizochapwa upande mmoja huzibana zikawa madaftari ya makarani. Chupa za plastiki huzitia gunia, na kila Ijumaa mnunuzi kutoka mtaa wa Bondeni huja kuzichukua. Hakuna aliyemtuma kufanya hayo.

Mwaka jana kampuni ilitafuta cheti cha utunzaji wa mazingira, maana wateja wa ng'ambo walikidai. Ofisi ya wafanyakazi ikaongeza sehemu mpya kwenye fomu ya tathmini: mazingira, alama kumi. Nane zilikuwa za mafunzo ya kwenye kompyuta. Wasafishaji hawana kompyuta, na hakuna aliyewaambia habari za mafunzo hayo.

Wendy, afisa wa wafanyakazi, alimwita Mapenzi akamsogezea fomu. Mapenzi aliisoma yote. Kwenye mazingira aliandikiwa mbili. Wendy akamweleza kwamba sahihi si kukubali, ni kuonyesha tu kwamba amesoma.

"Nimesoma, mwanangu," Mapenzi akasema. "Ndiyo maana sitii sahihi."

Wendy alimkumbusha kwa upole kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa sita, na bila sahihi faili halitakwenda mbele. Mapenzi ana watoto wawili shuleni, lakini akainuka akarudi kazini. Meneja, Bwana Lewis, alimwita mara mbili akamwambia ana kiburi. Mara zote mbili alijibu kwamba kazi ataifanya, sahihi hatatia.

Kisha akaja mkaguzi wa cheti, mama wa makamo aitwaye Nabiha. Alitazama orodha ya waliohitimu mafunzo, akaomba kuonyeshwa kilichobadilika ofisini. Lewis hakuwa na cha kuonyesha ila ndoo na magunia ya Mapenzi, akaagiza aitwe aje kueleza.

Mapenzi alisimama mlangoni. "Nitaeleza," akasema, "lakini mgeni aione fomu yangu kwanza. Haya mnayotaka kumwonyesha mmeyapa alama mbili."

Nabiha akaiomba fomu, akaisoma, kisha akamfuata Mapenzi kwenye kila kiyoyozi akiuliza hupata ndoo ngapi kwa siku. Alipoondoka aliandika kwamba cheti kitangoja hadi kampuni ibadilishe namna ya kupima watu wake.

Wiki iliyofuata Wendy mwenyewe alimfuata Mapenzi jikoni, akamwomba radhi. Alileta fomu mpya yenye alama tisa, na fulana ya kijani iliyoandikwa "Balozi wa Mazingira". Fulana Mapenzi hakuigusa. Aliuliza habari za Faraj na Mumo, wasafishaji wenzake, ambao nao walipewa mbili. Wendy akasema wale walikwisha kutia sahihi, na mafaili yao yamefungwa.

"Basi yafungueni," Mapenzi akasema. "Mimi nitasubiri."

Yalifunguliwa Alhamisi. Wenzake walipokwisha kutia sahihi fomu zao mpya, naye akatia yake. Mkataba wake ulitoka wa mwaka mmoja, badala ya miwili kama zamani, na Lewis hadi leo humsalimu kwa shida. Mapenzi humwitikia vizuri tu, akaendelea na kazi yake.