Kahawa ya Soya ya Baba Mkwe

Binti wa kaka yangu, ninayeishi naye hapa Bariadi mjini, ameniletea simu nisome habari ya soya. Wameandika kwamba soya ina homoni za kike, kwamba inawaotesha wanaume matiti na kuwafunga wanawake kizazi, na kwamba mwenye akili asiitie mdomoni. Wakati nasoma nilikuwa nimeshika kikombe cha soya. Nikafika mwisho, nikamrudishia simu yake, nikamalizia kikombe. Akaniuliza kama siogopi. Nikamwambia zamu yangu ya kuogopa ilishapita.

Nakunywa kwa sababu ya joto. Nimefika umri ule ambao mwili unawaka ghafla, umekaa zako unachambua mchele, mara shingo na mgongo vimelowa. Muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba ndani ya soya kuna kitu kinachofanana na homoni ya mwanamke, ila ni dhaifu sana, na kwamba wapo ambao kinawapunguzia joto na wapo ambao hakiwafanyii lolote. Siwezi kuapa mimi niko kundi gani. Mkono umezoea kukaanga, basi nakaanga.

Soya niliijulia Ngulyati, nilikoolewa. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, pamba ikawa haiuzwi tena kwa ushirika peke yake. Kila msimu ulikuja na gari lake na mnunuzi wake, mwenye mizani yake na maneno yake matamu. Mmoja alikuja na mbegu za soya. Alisema pamba imeshachuja, siku hizi watu wanataka soya, nyinyi limeni tu, mimi nitachukua yote. Mume wangu akamwamini. Alikata kipande kizuri cha shamba la pamba akapanda, na soya ikakubali. Mnunuzi ndiye aliyekataa. Wakati wa mavuno hatukumwona yeye wala gari lake, na mpaka leo sijui aliishia wapi.

Tukabaki na magunia ndani ya nyumba. Hakuna mchuuzi aliyeitaka, basi tukaila. Kwenye kikundi cha akina mama cha kanisani tulifundishwa kuichemsha kwanza, kuianika, kuikaanga, ndipo kuitwanga, la sivyo inasumbua tumbo. Niliitia kwenye uji, nikaitia kwenye mlenda badala ya karanga. Nyingine niliikaanga mpaka ikawa nyeusi, nikaitwanga, ikawa kahawa. Tuliinywa asubuhi kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliyeipenda kuliko wote ni baba mkwe, mtu wa ng'ombe, ambaye vyakula vya kuletwa na magari alivionea mashaka. Hakuwahi kunisifu. Alikuwa akimaliza, anakiweka kikombe karibu na jiko kikiwa kitupu, anaondoka.

Sikuwa na mtoto. Niliingia nyumba ile misimu kadhaa kabla ya soya, na muda wote huo tumbo langu lilikaa kimya. Mwanzoni mama mkwe aliniuliza kwa utani. Baadaye akaacha utani. Mwisho akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Nilipelekwa kwa waganga nikanywa mizizi na kuchanjwa. Nilikwenda hospitali, daktari akasema kwangu haoni tatizo, nirudi na mume wangu. Mume wangu akasema pamba inasubiri palizi. Nilipomkumbusha tena, pamba ilikuwa inasubiri kuvunwa.

Kwetu mke asiyezaa aliweza kurudishwa, na akirudi yeye, ng'ombe wa mahari nao wanarudi walikotoka. Ng'ombe wangu hawakuwepo. Baba yangu aliwachunga mpaka kaka yangu alipofikia kuoa, akawatoa wote, kaka akaolea mke. Kwa hiyo kama ningerudishwa, zizi la baba lingefagiliwa, na lisipotosha, wifi yangu angerudi kwao ili ng'ombe wale wapatikane. Wifi alikuwa bado mgeni katika nyumba yetu. Alikuwa mtu wa kucheka, na kila nilipokwenda kusalimia alinikalisha chini akanisuka. Ndoa yake ilitegemea tumbo langu. Alilijua hilo, na siku zote zile za kunisuka hakulitaja.

Watu hudhani mtu akifika hapo hulia. Mimi sikulia. Ndani yangu kulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, nikawa natwanga, nachota maji, napalilia, na yote nayaona kama yanafanywa na mwingine. Kikao cha pande mbili kikapangwa kufanyika pamba ikishauzwa. Niliposikia hivyo, nilifua nguo zangu zote nikazikunja.

Siku chache kabla ya kikao, baba mkwe alipeleka ng'ombe kwenye josho. Wakati wanasubiri zamu ya kuogesha, bwana mifugo alikuwa akipiga soga na wafugaji, akawaeleza habari ya nchi za mbali zenye kondoo wengi. Alisema kondoo wale walichungwa kwenye aina fulani ya majani, wakaacha kushika mimba, kundi zima, na madume hayakuwa na kosa. Walipochunguza wakakuta majani yale yana kitu kama homoni ya jike. Akaongeza kwamba hata soya inacho. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaongea mambo ya malisho. Ila kwa watu wetu habari ya mnyama ni nzito kuliko habari ya mtu. Kinachompata binadamu kinaweza kuwa maneno ya majirani. Kinachompata ng'ombe au kondoo ni ushahidi. Habari ile ilifika nyumbani kabla ng'ombe hawajafika.

Kikao kikakaa. Baba yangu alikuja na ndugu yake mmoja, wakapewa viti upande wa mlango. Mimi nilikaa chini na akina mama, macho kwenye mkeka. Mama mkwe alieleza. Alieleza vizuri, bila matusi, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Mume wangu aliangalia mikono yake. Baba yangu aliomba aongezewe muda, kwa sauti ya mtu anayejua hana cha kutoa. Kisha baba mkwe akasema lake.

"Mimi simrudishi. Ng'ombe wangu akila majani mabaya namhamisha malisho. Siendi kumdai aliyenipa."

Akawaeleza habari ya kondoo, akataja soya iliyojaa nyumbani kwake. Wazee wengi walikuwepo josho siku ile, wakaitikia kwa vichwa. Ikaamuliwa soya itoke siku hiyohiyo na mimi nipewe muda, na urefu wa muda huo hakuna aliyeutaja. Mimi na mama mkwe tulibeba magunia mpaka korongoni tukaimwaga. Hakunisemesha njia nzima.

Mtu yeyote aliyeweza kuhesabu misimu angejua kwamba ugumba wangu uliitangulia soya. Nilikuwa nimesubiri mmoja wao aseme. Hakuna aliyesema. Baba yangu alipoaga alinishika mkono asiuachie upesi, na niliona macho yake yamelowa kwa furaha. Mimi sikuhisi furaha. Nilihisi njaa.

Soya ilitoka, mtoto hakuja. Kila mama mkwe alipotaka kulifufua shauri, baba mkwe alisema yale majani hayatoki kwenye damu upesi. Aliyasema hayo msimu baada ya msimu, hata mama mkwe akachoka. Kule kwetu wifi akazaa, akazaa tena.

Miaka ikapita. Mama mkwe alifariki. Baba mkwe akawa hawezi tena kufuata ng'ombe, akawa anakaa kwenye kiti nje, anawasikiliza wakitoka zizini. Asubuhi moja nilipiga goti kumsalimia, "Mwangaluka, baba," naye baada ya kuitikia akaniuliza kama soya bado inapatikana. Nikamwambia sokoni Bariadi ipo, siku hizi inauzwa kwa wenye watoto wadogo, ya uji. Akasema anataka ile kahawa.

Nilikwenda nikanunua, nikachemsha, nikaanika. Ilipokauka nikakaanga mpaka nyumba nzima ikanuka kama zamani. Nikampelekea kikombe na kugeuka niondoke, maana mkwe na mkamwana hawakai kuongea. Akaniambia nikae. Nikakaa mbali kidogo, nimempa ubavu.

"Mayu," akasema, ndivyo alivyoniita siku zote, kama mtu amwitavyo mama yake. "Yule bwana mifugo nilimuuliza vizuri. Alisema kondoo wale walikula majani yale kutwa, hawali kingine. Mtu wa uji na kikombe, soya haimfungi kizazi."

Nikavuta kanga magotini.

"Kijana wangu aliugua matubwitubwi akiwa ameshakuwa mkubwa. Yakamshuka mpaka sehemu za kiume. Dume likiugua huko, sijaona likizalisha." Akanywa, akakishusha kikombe. "Nilijua kabla sijatoa ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa wameshatoka, uwanja umebaki na mavi mabichi na nzi. Nilitafuta hasira ndani yangu, kwa sababu mzee huyu alinileta nyumba ile akijua, akaniacha ninywe mizizi ya waganga mpaka nikatapika. Nikatafuta shukrani, kwa sababu siku ya kikao alijifanya mjinga mbele ya wazee wenzake ili nisirudishwe. Nilistahili kuzipata zote mbili. Sikupata hata moja. Nikamuuliza kama nimwongeze, akaninyooshea kikombe.

Alikunywa kahawa yangu kila asubuhi mpaka alipokufa, na hatukuliongea tena. Mume wangu sikumwambia. Nadhani alijua tangu siku ile alipokuwa akiangalia mikono yake.

Binti wa kaka hajaridhika. Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa wifi, alizaliwa mwaka uliofuata kikao, na ana meno ya mama yake na kicheko chake. Anataka kujua nani alinihakikishia kwamba soya haifungi kizazi. Namwambia aliyenihakikishia ni yuleyule aliyeisingizia. Hajanielewa, anacheka, anasogeza kikombe chake nimmiminie.