Nilimuzika Mama Angali Muzima

Nakumbuka ile asubuhi barua ya Ulaya ilifika kwetu Mulekera, pale Beni, mama yangu akiwa anapepeta maharagi mbele ya mulango. Padri mumoja alitusomea kwa sauti: banamuita Masika, njo miye, mutungaji wa nyimbo za korali, akae miezi mitatu kwenye résidence. Mwanangu, kwetu résidence ni nyumba ya gouverneur, ile ya geti na maua na askari. Ingine hatujue. Donc mutaa muzima ikasema: Masika anaenda kukaa kwa gouverneur wa Bazungu. Nikashonesha bikwembe mbili mupya, nikafunga kitambaa sawa bibi ya mukubwa, nikaanza na kutembea polepole, vile batu ba mali banatembeaka.

Miye njo mutu wa kwanza wa mutaa yetu kupanda ndege juu ya sauti yake. Ile nitaisema mupaka nikufe. Kama hautake kuisikia, funga masikio. Masomo niliachia mwaka ya ine. Kusoma noti sikujua, na leo sijue. Nyimbo zangu nilizitungiaka shambani, jembe njo ilikuwa ngoma, na wimbo ikishaingia kichwani haikutoka tena.

Ilikuwa wakati ya vita ya pili ya inchi yetu. Mutu alikuwa anaamuka hajue ni askari gani bako barabarani ile siku. Tulipita Kasindi, tukavuka Uganda, ndege ikanibeba.

Kufika, nikatafuta gouverneur kwa macho. Mwanangu, ilikuwa nyumba ya zamani katikati ya majani, inanuka ngombe, na kwenye mulango hakuna hata mulinzi. Kumbe kwa bale batu, résidence ni fasi, mahali banakuweka utunge nyimbo. Banakulisha, kisha banakuacha. Nilipewa chumba, dirisha na kimya. Kwetu ile miaka kimya ilikuwa ya kuogopesha, ilikuwa inasema kuna kitu kinakuya. Kule nililala ndani yake sawa mutoto mugongoni. Hata sasa ninaisikia: baridi yenye kupita ya Butembo, chai ya moto mikononi, na mupiga piano mumoja mwenye kuandika kila kitu nilichoimba, kichwa chini, sawa karani. Nilikuwa kijana, sauti yangu ilikuwa inapanda mupaka kwenye mbao za paa. Niliipenda ile sauti, nisikudanganye.

Wimbo ya kwanza niliwaimbia ilikuwa ya mama yangu anabishana na mbuzi ya jirani. Kwetu batu balikuwa banaanguka juu ya kucheka. Kule balinitabasamia vile mutu anatabasamia mutoto wa mugeni. Madame mwenye kuchunga ile nyumba, mutu wa roho nzuri, sikatae, alinishika mukono.

«Masika, kwenu kuna vita. Mbona siisikie ndani ya nyimbo zako?»

«Vita iko barabarani, Madame. Mbuzi iko shambani.»

Alicheka. Mais kesho yake aliuliza tena, na kesho kutwa. Na mwisho wa ile miezi tatu tulipaswa kuimba mbele ya batu bakubwa. Nikaogopa kurudi Beni bila makofi.

Njo nikafanya ubaya. Nilitunga kilio, kwa Kinande, luga yetu, na ndani nikatia jina ya mama yangu, Katungu. Nikaimba kama alikufia njiani, jembe yake imevunjika, analia peke yake, hakuna hata mutu wa kumufunika. Naye alikuwa muzima. Sitasema sikujua: ile wiki barua yake ilikuwa imefika, anaomba nimuletee sindano za kushonea. Niliiweka barua chini ya muto ya kulalia, nikaenda kumulilia.

Nilimuambia Madame maana, akabaelezea, nikaimba, na balilia. Banaume ba makoti, machozi kwenye ndevu. Nikajiona niko mukubwa. Na ulevi wa makofi ni mubaya kushinda wa pombe, juu hata ukilala hauishe. Kulikuwa kule commerçant mumoja, muchuuzi wa Butembo, alikuya kutafuta bipande ya lori. Nikamupa kaseti abebee korali yetu, basikie vile Masika anapendwa. Sikuandika juu yake hata neno moja.

Kule Ulaya Kinande ilikuwa muziki. Kwetu ilikuwa habari. Unajua weye mwenyewe: mutu haitwe kwa jina ndani ya kilio kama maiti haijalala nyumbani. Jina ikishaingia mule, hakuna mwenye kuuliza mara ya pili. Batu banachukua mikeka, banaenda kwenye matanga.

Ule commerçant alipiga kaseti pale Kasindi, mupakani, ndani ya lori, akingojea batu ba douane bapime mizigo. Madreva bakasikia, bakaikopia. Ikafika soko ya Butembo mbele yeye mwenyewe afike. Pale sokoni mudogo wangu Kambale alikuwa anauzisha chumvi. Akasikia sauti yangu, akasikia jina. Hakufunika hata meza. Alipanda kinga yake, baisikeli, akapiga pedali kuelekea Beni kuzika mama. Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, askari bakamushusha. Bakamubebesha mizigo yao siku mbili ndani ya pori, na walipomuachilia, kinga haikuwa yake tena, wala biatu. Beni aliingia na miguu yenye kutoka damu, akakuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Miye nilifika kesho yake, na sanduku mbili na kofia. Lupango, uwanja wa nyumba yetu, ilijaa banamuke. Bengine balitoka mupaka Eringeti, na mafungu ya ndizi, na makaa, bamevaa za kilio. Kila siku balikuwa banafika bapya, juu kaseti ilikuwa ingali inatembea. Katikati yao mama, anamimina chai.

«Karibuni, bamama,» anawaambia bale benye kuingia. «Maiti iko jikoni, inapika. Kaeni mungojee.»

Akaniona.

«Ah, Masika. Umechelewa. Balishanizika.»

Kambale alikuwa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni ya maji ya chumvi. Hakuinua kichwa.

«Yaya, dada yangu, umeimba muzuri,» akasema. «Hata miguu yangu ilisikia.»

Nilitaka kuingia ndani ya nyumba. Mama akaweka birika chini. «Hapana ingia. Balikuya juu ya wimbo, imba. Yote.»

Mwanangu, niliimba mbele ya Bazungu bakubwa bila kutetemeka. Pale mbele ya mama yangu sauti ilitoka sawa ya kuku yenye kunyeshewa. Na kila mustari alinisimamisha.

«Ngojea. Jembe yangu ilivunjika lini?»

«Haikuvunjika, mama.»

«Ulinionaka ninalia njiani, siku gani?»

«Sijakuona.»

«Na nilikufa peke yangu. Nilizaa saba juu ya nini, juu ya kupamba lupango?»

Banamuke bakaanza kucheka ndani ya bikwembe. Yeye hakucheka.

«Kama unanizika, unizike na bitu byangu. Shamba yangu ya Eringeti nilikata pori kwa mukono wangu, iko wapi? Huyu mwenye unalilia, simujue. Ni kitambara tu.»

Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, na ile njo ilinipiga kushinda zote: «Bageni balikuomba chakula, ukabapikia mbegu. Mutu hapike mbegu, Masika. Mvua ikinyesha, utapanda nini?»

Nikapiga magoti mbele ya beseni. Siku ine niliosha miguu ya Kambale bila yeye kuniambia neno. Siku ya tano akasema, «Maji ni ya moto sana,» nikajua kama bado niko na ndugu. Kidole kimoja hakikupona. Hata leo anachechemea juu yake.

Mama alinikataza kutunga mupaka nitengeneze ile moja. Tukakaa naye chini, anachambua maharagi, miye ninaimba, yeye anakata na kuongeza. Alitia majina ya kuku zake. Alitia ile siku alipiga chafya kanisani, padri akasahau mahubiri. Mustari ya jembe kuvunjika aliitupa. Akasema ile jembe itaishi miaka mingi kumushinda yeye mwenyewe. Na haikuwa uongo. Mama alikufa muzee sana, juu ya kitanda yake, na njo ile wimbo tuliimba, vile aliitengeneza. Batu balicheka katikati ya kilio, machozi yakiteremuka. Kambale njo alianza.

Sasa mwanangu, nimesikia na weye umeitwa, na kwako batu hawakukosea ile neno, unajua résidence ni nini. Enda. Sikuzuie. Kula chakula yao, lala ndani ya ile kimya, jifunze noti zenye miye sikujifunza. Mais bakikuomba machozi, uliza kwanza ni machozi ya nani. Ukitia jina ya mutu ndani ya wimbo, muimbie kwanza yeye mwenyewe, mbele ya kuimbia mugeni. Na kama hauwezi kumuangalia machoni ukiimba, achana nayo, hata kama ni tamu. Neno ni sawa maji: ikishamwangika, hauchague fasi itaingia. Na usione haya ya kicheko chako. Vita ilituingilia, haikutuzaa. Mwenye kukuambia mutu wa kwetu ni kulia tu, mujibu na heshima, kisha endelea na wimbo yako.

Mungu akulinde kwa kwenda, akulinde kwa kurudi. Akupe mukate mwenye haukuombe uongo. Wote wenye utawaimba, wakusikie wangali bazima, na wakusikie kwa roho nyeupe. Enda na amani, mwanangu.