Somo Ndani ya Tumbo la Sangara

Jumanne asubuhi, kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nilisimama kununua samaki nyuma ya mama aliyefuatana na binti yake wa miaka kama minane.

"Mbona huyu hayuko shule?" bibi muuza samaki akamuuliza mama kwa ukali, kisu mkononi.

"Namfundisha mwenyewe, bibi. Leo tumekuja kusoma samaki."

Bibi akaguna, akapasua tumbo la sangara. Binti akainama karibu.

"Shikamoo bibi. Huyu alikula nini?"

Kisu kikasimama. Bibi akachokonoa taratibu, vikatoka vidagaa viwili. Wakavitazama pamoja, vichwa vikigusana.

"Napasua samaki tangu usichana wangu," bibi akasema, "sijawahi kuuliza."

Akamsogezea binti kigoda chake. Foleni ikasimama na hakuna aliyenung'unika. Hata mimi, na haraka zangu zote, nilitaka kujua sangara anayefuata alikula nini.