Kura ya Filamu ya Noeli

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Bwiza pale Bujumbura, Noeli ilikuwa ya kutazama filamu moja tu, na ukikosea kuchagua unasubiri mwaka mzima. Mnakumbuka? Asubuhi misa, sisi wasichana tumeshonewa gauni za kitenge kimoja, viatu vikubwa vimejazwa karatasi ili vitufae na mwakani. Saa tisa sinema. Jioni wali, nyama na limonadi ya kugawana.

Miaka ile ya uhuru kila mtu alizungumzia kura, na Papa, baba yetu aliyekuwa karani, akaileta hadi nyumbani. Kila mtoto alitumbukiza punje moja ya haragwe katika sufuria iliyofunikwa kitambaa. Mama hakupiga kura kwa sababu hakwenda sinema. Kila mwaka alibaki kuchunga chungu.

Mwaka mmoja shangazi alikuja kutoka Uvira, akamnyang'anya Mama mwiko. "We enda na batoto," alimwambia. "Chungu, mi nitaangalia."

Jumapili kabla ya Noeli tulishuka wote mjini kutazama picha zilizobandikwa ukutani pale sinema. Filamu zilikuwa mbili: ya kaboi, na ya Kihindi yenye nyimbo. Mama alisimama mbele ya ile ya Kihindi, mbele ya mwanamke mwenye maua shingoni na machozi usoni. "Huyu analia nini?" aliuliza. "Mi napenda kujua."

Basi haragwe jeupe likawa nyimbo, jekundu likawa kaboi. Kaka zangu wawili walikuwa wapenzi wa kaboi damudamu. Dada Konsolata alikuwa upande wa Mama, ambaye mwaka huo naye alipewa punje yake. Nikabaki mimi, wa miaka tisa, na nilikuwa nimeshawatambia wasichana wa mtaa mzima kwamba nitaona bastola. Nilimwangalia Mama. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho. Nikatumbukiza jekundu.

Mama hakununa. Alivaa kitenge chake cha harusi, akakaa katikati yetu, na filamu haijachanganya akaanza: "Hawa farasi watakunywa maji saa ngapi?" Watu wanauana, yeye na farasi. Kila wakivuka mto bila kusimama, anaguna. Mwishowe safu yetu nzima ilikuwa inawahurumia farasi, na mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Mama anasema kweli. Mubape maji." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Ile ya nyimbo tutaenda siku ya Bonane," Papa alimwahidi Mama njiani. Lakini mwaka mpya ulipoingia, filamu ilikuwa imeshaondoka mjini na shangazi amerudi Uvira. Mama akasema, "Haina neno," akarudi jikoni. Hakuingia sinema tena. Yule mwanamke alikuwa analia nini, hakujua mpaka anafariki, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi wajukuu wangu wana filamu chungu nzima ndani ya simu, na kuchagua kunawachukua muda mrefu kuliko kutazama. Mmoja ameziba masikio, mwingine analalamikia chaji. Sisi tungekuwa tumeshaenda mjini kwa miguu na kurudi. Noeli iliyopita walinizunguka: "Bibi, chagua we."

Nikawaambia waende kwanza jikoni wakamuulize mama yao, aliyekuwa anakanda unga tangu asubuhi. Walikawia huko. Kumbe mama yao aliwataka wamsomee majina ya filamu zote, moja moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.