Vigelegele vya Msichana

Baridi ya Cheektowaga, huku Marekani, siipendi hata kidogo, lakini jioni ile ya Januari nilitoka, kwa kuwa nyanya wa Kipunjabi, jirani yetu, alikuwa anawasha moto wa Lohri uani kwake. Ni sikukuu ya kuaga kipupwe na kushukuru mavuno. Zamani, alituambia, moto mkubwa uliwashwa penye bibi harusi mpya au mtoto wa kiume. Binti zake hawakuwashiwa hata kijiti. Sasa alikuwa amempakata mjukuu wa kike ndani ya blanketi, na rundo la kuni lilimfika yeye mwenyewe kifuani.

Tulirusha simsim na njugu motoni. Mama yangu, aliyetutembelea kutoka Nyeri, akapiga vigelegele vitatu, akanyamaza.

“Mbona ameacha?” nyanya akaniuliza.

Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyetunga mila hiyo: kwetu Wakikuyu mvulana akizaliwa hupigiwa vitano, msichana vitatu, kama nilivyopigiwa mimi.

“Mwambie aendelee.”

Nikamwambia. Mama akapiga viwili vilivyobaki, kwa sauti kali. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.