Makosa ya Joviana

Mwalimu Kokwijuka hakusomea kompyuta. Alijifunza kutengeneza michezo kwa binamu yake huko Rwamishenye, likizo mbili mfululizo, kisha akaileta shuleni kwetu Ijumbi, kwenye kompyuta tano za msaada zilizokuwa zimefunikwa vitambaa tangu ziletwe.

Mchezo uliowateka watoto ulikuwa wa kugawanya. Wageni wanabisha hodi, mtoto ana kikapu cha akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazowapa wageni, naye awagawie sawasawa. Akikosea hakuna kengele wala alama nyekundu. Mgeni anapokea, anashukuru, kikapu kinajaa upya, mtoto anajaribu tena. Kwetu mgeni hasemi kwamba kapunjwa, na Kokwijuka alitaka hesabu nayo iwe na adabu hiyo. Akawaambia darasa la nne, “Koseeni mnavyotaka. Hakuna anayeona.”

Wakakosea kwa raha zao. Joviana, ambaye mbele ya ubao alikuwa bubu, alikosea mara arobaini kwa wiki huku akicheka. Mwezi ulipoisha alikuwa anagawanya kunizidi mimi ninayemfundisha Kiswahili.

Lakini kompyuta ilihifadhi kila kosa, maana Kokwijuka alitaka kujua watoto wanakwama wapi. Nywila alimpa mtu mmoja tu, Mwalimu Mkuu Kahigi, rafiki yake tangu chuoni, siku alipokwenda Maruku kumzika shangazi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kahigi alichapisha orodha, akaibandika ukutani kwenye kikao cha wazazi, majina yamepangwa kwa wingi wa makosa, Joviana wa kwanza. Akasema hao wa juu warudishwe darasa la tatu kabla hawajaiaibisha shule kwenye mtihani.

Kokwijuka aliporudi alimfuata ofisini. Kahigi hata hakuinua kichwa, akamjibu kwamba takwimu ni takwimu. Mimi ningemtupia faili. Yeye alilia kwa hasira, akaibandua ile karatasi, akaenda darasani.

Watoto walikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Wageni wakabisha hodi kwenye skrini, asiwepo wa kuwafungulia.

“Madamu,” Joviana akasema, “ulituambia hakuna anayeona.”

Kokwijuka akafungua mdomo amtaje Kahigi, akaufunga. Kahigi alimsaliti, kweli, lakini aliyeyahifadhi makosa yale bila kuwaambia watoto si Kahigi.

“Nilikuwa naona mimi,” akasema.

Joviana akasukuma kiti nyuma, akarudi kukaa kwenye dawati lake.