Mabirika Saba ya Fatumo

Kampuni ya maji ilipoanzisha shindano la kubana matumizi, karani alipita mtaa wa Galbet nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mko wangapi? Fatumo Yarow akajibu, "Saba." Hakukusudia kumdanganya mtu. Aliwazaa sita, wote wako hai, na yeye wa saba. Mama gani humfuta mwanawe kwenye hesabu eti kwa sababu amepanda basi? Hared yuko Nairobi, Amran ameolewa Takaba, wengine wametawanyika hadi nchi za baridi. Na huyo karani naye hakuuliza wangapi wanalala humo.

Mwezi ulipoisha, karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa duka. Nyumba ya kwanza mtaa mzima ilikuwa ya Fatumo: watu saba, madumu mawili kwa siku. Zawadi ni tangi kubwa, litakabidhiwa Jumamosi baada ya ukaguzi. Mtaa ukashika mdomo.

Basi wanawake wakaanza kuja. Ayan, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa amekanyaga kwake tangu Fatumo alipofiwa na mumewe, ndiye aliyetangulia. Fatumo akawaonyesha mabirika saba ya kutawadhia, yamepangwa ukutani, kila moja na rangi yake. Mama yake alimfunza hivyo huko malishoni, maji yakibebwa na ngamia: kila mtu na chombo chake, unakijaza alfajiri, kikiisha kimeisha. Mtume mwenyewe, aliwakumbusha, alikataza israfu hata ukiwa kando ya mto unaopita. Wanawake wakacheka, wakanywa chai, wakakaa mpaka alasiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Fatumo alipona kweli kweli. Siku tisa mlango wake ulikuwa na viatu vya watu. Tangi hakulitaka hata kidogo. Alitaka vile viatu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata ya yule asiyejijua kuwa ni mwongo. Ijumaa akaja Sake, afisa wa kampuni, msichana wa Kiborana kutoka Wajir, daftari kwapani, kukagua.

"Mama, wenzako wako wapi?"

"Wametoka. Ngoja kidogo tu, watakuja."

Sake akangoja. Alikuwa na subira ya watu wa mifugo. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, hakuna aliyekuja. Akaomba maji ya kutawadha, na Fatumo, kwa mazoea ya kumpa mgeni kilicho kizuri, akamletea birika la kijani, la Hared, alijaze mwenyewe pipani. Sake akalifungua. Ndani yake buibui alijenga, akaishi, akafa. Akayainua yale mengine moja moja. Makavu yote, isipokuwa la bluu.

"Mama," akasema taratibu, "walitoka lini?"

Fatumo alitaka kusema jana. Ulimi ukagoma. "Ile ya mwisho, miaka tatu," akasema. "Andika moja, binti yangu."

"Nikiandika mmoja, jina lako linatoka kwa ile karatasi."

"Andika tu, wallahi. Lakini usiandike sina watu. Watu niko nayo. Iko mbali tu."

Sake akaandika. Kisha akaswali pale pale, akanywa chai yake polepole kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.

Jumamosi tangi lilipelekwa nyumba ya ng'ambo ya barabara, na vile viatu vikalifuata. Fatumo hakumlaumu mtu. Alilia kidogo, akanawa uso kwa maji ya kiganja kimoja, halafu akayaosha yale mabirika sita.

Tangu siku hiyo huyajaza yote saba kila alfajiri. Hutumia moja. Jua likizama huyamimina yale sita tena kwenye pipa, moja baada ya jingine, akilitaja jina la mwanawe mwenye birika hilo, na mita ya kampuni haioni tofauti yoyote.